Konokono koni hatambuliki kwa ganda peke yake, na majina yake kubadilika sio vurugu

Siku hizi mtu akitoka ufukweni na ganda zuri mkononi hahangaiki kuuliza wazee wala kutafuta kitabu, anapiga picha tu, programu ya simu inamletea jina la Kilatini ndani ya sekunde chache, afu jioni akiingia kwenye hifadhidata ya kimataifa ya moluska (konokono, chaza na jamaa zao) anakuta jina alilopewa limewekewa alama kwamba halitumiki tena, au limehamishiwa jenasi nyingine (jenasi ni kundi la spishi zinazokaribiana, ndo jina la mbele), au limeunganishwa na jina la mwaka 1792. Kwa konokono koni, yaani wale wa baharini wenye ganda la umbo la koni na sumu kali, hii inatokea sana, na imezaa maneno mawili ninayoyasikia kila kukicha. La kwanza, kwamba wanasayansi wenyewe hawajui wanachofanya, leo wanasema hivi kesho vile. La pili, kwamba wataalamu wa kuainisha viumbe hawana kazi tena maana simu inaifanya bure. Mimi naona yote mawili hayana mashiko. Majina yanabadilika kwa sababu kwa zaidi ya miaka 200 watu walikuwa wanayapa majina maganda wakidhani wanawapa majina wanyama, na sasa ndo mnyama mwenyewe anaangaliwa. Na simu, pamoja na uwezo wake wote, inaturudisha kule kule kwenye ganda.

Tuanze na mnyama basi, maana wengi wanamjua kama pambo la mezani. Familia ya Conidae ina spishi zaidi ya 900 zinazotambuliwa sasa hivi, karibu zote za bahari za joto, na kwetu kuanzia Lamu hadi Mtwara wapo wa aina nyingi. Mchana amejichimbia mchangani au yuko chini ya jiwe, usiku anatoka kuwinda. Ana mrija wa kunusia maji na ana mkonga unaorefuka, na kwenye ncha ya mkonga linakuja jino moja lenye tundu katikati na miba pembeni, chusa kabisa, linajazwa sumu na kuchomwa kwenye windo, likishatumika halirudi, linachukuliwa jingine kutoka kwenye akiba. Spishi nyingi zinakula minyoo ya baharini, nyingine zinakula konokono wenzao, na kundi dogo zaidi linakula samaki. Anayekula samaki inabidi amlegeze windo wake papo hapo kabla hajapotea, na ndo maana kati ya hao yupo Conus geographus, anayeongoza kwa vifo vya watu vilivyoandikwa. Hakuna dawa ya kupinga sumu yake, kinachofanyika hospitali ni kumsaidia mgonjwa apumue mpaka sumu iishe nguvu. Kwa hiyo hata kabla ya kuendelea: ukimkuta koni akiwa hai, awe spishi yoyote ile, usimshike.

Sasa angalia jinsi alivyopewa majina. Linnaeus, Mswidi aliyeanzisha mfumo wa majina haya ya Kilatini, mwaka 1758 aliwaweka koni wote kwenye jenasi moja, Conus. Baadaye akaja mkusanyaji anaitwa Christian Hee Hwass, maelezo yake yakachapishwa 1792 kwenye ensaiklopidia ya Kifaransa kupitia mhariri wake Bruguière, na majina yake mengi tunayatumia mpaka leo. Kwa sehemu kubwa watu hawa walikaa mezani na ganda tupu lililoletwa na meli, nyama ilishaoza zamani, meno hayapo, na mara nyingi hata ufukwe lilikotoka haujulikani. Walifanya kazi kubwa kwa walichokuwa nacho, siwalaumu. Lakini juu ya msingi huo likajengwa soko. Conus gloriamaris, aliyepewa jina na mtaalamu wa makombe Chemnitz mwaka 1777, kwa karibu karne mbili alijulikana kwa maganda machache tu duniani, na bei yake ilikuwa ya kutisha mpaka wapiga mbizi walipopata wengi huko Guadalcanal, Visiwa vya Solomon, mwaka 1969 na bei ikaporomoka. Soko la namna hiyo linapenda majina mapya, kwa sababu ganda lenye rangi tofauti kidogo likipata jina lake linakuwa kitu cha kutafutwa na kununuliwa. Ndo maana ukifungua orodha ya majina yaliyounganishwa chini ya spishi moja ya koni unaweza kukuta ni ndefu kweli kweli. Kumtambua koni kwa rangi ya ganda ni kama kuwatambua watu kwa kanga walizovaa, wasiojuana kabisa wanaweza kuwa na doti moja na ndugu wa tumbo moja wakavaa tofauti.

Na kosa linatokea pande zote mbili, spishi mbili kupewa jina moja na spishi moja kupewa majina mengi, hapa ndipo watu wengi hawajapaelewa. Mchukue Conus ebraeus. Huyu ni wa kawaida kabisa, mdogo, sentimita tatu au nne hivi, ganda jeupe au lenye uwaridi kidogo na madoa meusi ya pembe nne pembe nne yaliyopangwa kwa mistari kulizunguka, anakaa kwenye mwamba sehemu za maji mafupi na anakula minyoo. Anapatikana kuanzia pwani yetu ya Afrika Mashariki mpaka ng'ambo ya Pasifiki, pwani ya Amerika ya Kati. Ukimwona mara moja humsahau, na kila kitabu cha makombe kinamweka kama mfano wa koni asiyeweza kumchanganya mtu. Sasa mwaka 1895 daktari mmoja wa Denmark, Rudolph Bergh, aliyekuwa anapasua moluska na kuyachunguza meno yao kwa hadubini, alisema kwamba chini ya ganda hilo kuna wanyama wa aina mbili, meno yao hayafanani, na wa pili akamwita Conus judaeus. Ganda ni lile lile. Kwa zaidi ya miaka 100 jina lake lilihesabiwa kuwa ni jina jingine tu la ebraeus, kwa sababu waliokuwa wanaamua walikuwa wanatazama ganda. Mwaka 2009 timu ya Thomas Duda, wakiwa na Alan Kohn ambaye amewachunguza koni maisha yake yote, walionyesha kwa vinasaba kwamba kweli ni spishi mbili tofauti, na yule aliyejitenga kwenye vipimo alikuwa na meno yale yale aliyoyaeleza Bergh. Yaani koni anayesemekana kutambulika kirahisi kuliko wote, kwa ganda huwezi kujua umeshika yupi. Hakuna picha itakayokusaidia hapo, hata iwe kali vipi, kwa sababu tofauti haiko kwenye kinachopigwa picha.

Upande wa pili yuko Conus pennaceus, ambaye kwetu ni maarufu. Ganda lake ni la kahawia au rangi ya machungwa lenye pembe tatu nyeupe kubwa na ndogo, zimepandiana kama zimemwagwa, na kwenye zile sehemu za kahawia ukisogeza jicho unaona nukta nyeupe ndogo sana. Hakuna mawili yanayofanana. Hawaii ilionekana kwamba watoto wake wakitoka kwenye mayai wanatua chini karibu na walipozaliwa, hawasafiri na mkondo wiki nzima kama wa spishi nyingine, kwa hiyo kila sehemu inaweza kujenga sura yake, huku weusi zaidi, kule warefu zaidi. Kila sura ikapata jina. Mdogo wangu anayeuza makombe kwa watalii upande wa kusini mashariki mwa Unguja aliwahi kunitolea ganda moja la kundi hili, tukalipiga picha mgongoni programu ikasema pennaceus, tukaligeuza upande wa mdomo ikasema omaria, spishi nyingine. Akaniuliza, "Kaka, sasa kwenye lebo niandike lipi?" Nikamwambia aandike pwani lilikotoka, kina cha maji na tarehe, jina litakuja baadaye. Hakufurahi, mteja anataka jina. Lakini hayo matatu hakuna mtaalamu wala programu itakayoweza kuyarudisha yakishapotea.

Sasa kuhusu ugomvi wa jenasi, ambao ndo umewachosha watu. Mwaka 2009 John Tucker na Manuel Tenorio, wachunguzi wa koni, walipendekeza koni wagawanywe kwenye jenasi nyingi, zaidi ya 80 kwa spishi zilizo hai, wakitumia ganda na meno pamoja. Ghafla Conus geographus akawa Gastridium geographus, Conus textile akawa Cylinder textile, pennaceus akaingia Darioconus. Miaka michache baadaye timu ya Nicolas Puillandre na Philippe Bouchet wa makumbusho ya Paris, pamoja na Duda na wenzao, wakapima vinasaba vya spishi zaidi ya 300, wakaja na mpango uliochapishwa 2015: familia moja, jenasi 4, na ndani yake jenasi ndogo nyingi. Conus ikabaki na karibu asilimia 85 ya spishi zote, zile nyingine zikawa Conasprella, Profundiconus na Californiconus. Tangu hapo zimeongezwa jenasi chache za koni wadogo, lakini muundo wenyewe umeshika.

Waliotaka jenasi nyingi walikuwa na hoja, tena nzuri. Jenasi moja yenye spishi mia kadhaa haikwambii kitu. Ukisema Conus hujui kama unazungumzia mla minyoo asiye na madhara makubwa au muuaji, lakini ukisema Gastridium unajua moja kwa moja uko kwa geographus na ndugu zake, na ukisema Cylinder unajua uko kwa wala konokono wenzao. Pia vinasaba vyenyewe vilionyesha kwamba mengi ya makundi yao ni ya kweli, ni ukoo mmoja, hawakuyabuni hewani. Hoja ya upande wa pili ni kwamba fasihi yote ya sumu, tiba na matibabu ya dharura imeandikwa kwa jina Conus, na daktari anayetafuta usiku wa manane habari za mtu aliyechomwa asilazimike kujua kwamba mwaka fulani jina lilihama. Tena nyingi ya zile jenasi zilibaki na spishi chache chache, na mpaka wa wapi jenasi inaishia wapi inaanza ni makubaliano, sio kitu unachokipima kwenye maabara. Mimi nasimama na mpango wa jenasi chache zenye jenasi ndogo ndani, kwa sababu unabeba taarifa zote mbili: unaandika Conus (Gastridium) geographus, anayetaka undani anaupata na anayetaka jina linalojulikana analo. Hakuna kilichotupwa.

Ila angalia vizuri nini kilibadilika pale na nini hakikubadilika. Geographus alibaki geographus. Mnyama hakugawanywa wala kuunganishwa na mwingine, kilichohama ni jina la mbele tu, na kilihama kwa ushahidi kisha kikarudi kwa ushahidi zaidi. Anayesema "wanabahatisha" anachanganya vitu viwili: kupanga makundi, ambako ni suala la mfumo upi unatumika kirahisi, na kutenga spishi, ambako ni suala la kweli au si kweli, wanazaana kama jamii moja au hawazaani. La kwanza linaweza kujadiliwa miaka na miaka na hakuna atakayeumia. La pili ukikosea unaumiza. Na hoja ya programu ya simu ndo dhaifu kuliko zote. Programu imejifunza kutoka kwenye picha zilizoandikwa majina na watu, watu hao walitumia ganda, kwa hiyo ebraeus na judaeus kwake ni kitu kimoja na itaendelea kuwa kimoja hata ukiipa picha milioni. Afu koni aliye hai mara nyingi amefunikwa ngozi ya kahawia au kijani juu ya ganda, au ameota mwani mwekundu mgumu, ile michoro inayoonekana kwenye vitabu haipo kabisa. Ganda la ufukweni nalo limesagwa na mawimbi. Programu inafaa kukwambia huyu ni koni, kaa mbali, na kwa hilo naiunga mkono kabisa. Jina la spishi inalotoa ni pa kuanzia tu.

Na vinasaba navyo visigeuzwe kuwa mungu mpya. Kazi nyingi za koni zilianza na vinasaba vya mitokondria (sehemu za seli zinazotengeneza nishati), ambavyo vinarithiwa kwa mama tu, kwa hiyo vinasimulia historia ya upande mmoja wa ukoo, na spishi zilizoachana juzi juzi au zilizowahi kuchanganyika zinaweza kukudanganya. Ndo maana kazi nzuri zinaweka pamoja vinasaba, jino, ganda, chakula na mahali. Lipo pia tatizo ambalo haliishi kirahisi: jina linashikwa na kielelezo kile cha kwanza, yaani kile kilichotumika kulitoa jina, na kielelezo cha mwaka 1758 mara nyingi ni ganda kavu lisilo na jino wala nyama. Ukigundua kwamba chini ya ganda hilo kuna spishi mbili, ganda lenyewe haliwezi kukwambia jina la zamani ni la nani, inabidi watu wafuate kanuni na wakubaliane.

Wapo wanaosema basi tatizo ni wakusanyaji na watu wasio wataalamu, waondolewe. Hapana. Bergh alikuwa daktari wa hospitali. Emilio Rolán wa Vigo, Hispania, aliyewafanyia kazi kubwa koni wa Cape Verde, visiwa vya magharibi mwa Afrika, alikuwa daktari wa watoto. Tenorio ni profesa wa kemia huko Cádiz. Kinachotofautisha kazi nzuri na mbaya kwenye koni sio cheti cha biolojia, ni kama mtu alimhifadhi mnyama au alichemsha akatupa akabaki na ganda la kuuza.

Cape Verde penyewe ndipo panapoonyesha kwa nini haya yote si mchezo wa majina. Koni wa kule wengi hawana watoto wanaoelea baharini, kwa hiyo kila kisiwa, wakati mwingine kila ghuba, ina wake ambao hawapo popote pengine duniani. Tathmini ya Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, iliyochapishwa 2013 ilipima spishi 632 za koni, 67 zikaonekana ziko hatarini au karibu na hatari, na 87 zikakosa taarifa za kutosha. Conus lugubris, Conus mordeirae na Conus salreiensis, wote wa Cape Verde, wakawekwa daraja la hatari kubwa kabisa. Sasa fikiria uzito wa uamuzi wa mtu wa vinasaba hapo. Akisema koni wa ghuba hii na wa ghuba ile ni spishi moja, hatari inapungua kwenye karatasi, na anayetaka kujenga hoteli anapumua. Akisema ni wawili, kila mmoja ana eneo dogo sana na mradi mmoja wa ufukweni unaweza kummaliza. Baadaye vipimo vilionyesha kwamba baadhi ya majina ya kule kweli yalitolewa kwa wingi kupita kiasi, na hilo nalo ni jema, maana pesa ya uhifadhi ni kidogo na ikitawanywa kwenye majina hewa wale walio hatarini kweli wanakosa.

Kwenye tiba ni hivyo hivyo. Dawa ya maumivu ya ziconotide, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2004 na inayotiwa moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo, ilitokana na sumu ya Conus magus iliyochambuliwa na Michael McIntosh akiwa bado mwanafunzi kwenye maabara ya Baldomero Olivera, Mfilipino aliyehamia Utah. Kila spishi ina mchanganyiko wake wa sumu, peptidi (vipande vidogo vya protini) mia moja na zaidi, na hazifanani na za jirani yake. Mwaka 2015 ilionekana kwamba geographus na ndugu yake tulipa wanaachia majini insulini ya aina yao inayoshusha sukari ya samaki mpaka analegea. Na huyo magus ana maganda ya kila rangi, majina chungu nzima yameunganishwa chini yake. Maabara ikipokea mzigo wa koni waliotajwa kwa ganda, ikapata kemikali mpya, afu mwakani ikaagiza tena kwa jina lile lile na kemikali haipo, kosa halikuwa kwenye mashine, lilikuwa kwenye lebo.

Kwetu hapa hali ni ngumu zaidi ya inavyoonekana. Kina mama wanaochokoa pweza maji yakipwa wanakanyaga kwenye miamba ile ile anakoishi geographus na textile, wavuvi wanaleta makombe, wauzaji wanayachemsha na kuyasafisha, mtalii anaondoka nayo, na kinachobaki nyuma ni sifuri, hata jina la ufukwe halikuandikwa. Spishi inaweza kupungua pwani nzima bila mtu kugundua kwa sababu iko chini ya jina la nyingine ambayo bado ni nyingi. Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Unguja, KMFRI (taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi) Mombasa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya ndo mahali pa kuanzia, na hakihitajiki kitu kikubwa siku ya kwanza: kipande kidogo cha nyama ya mguu kwenye chupa ya spiriti, ganda lake lenye namba hiyo hiyo, jino likitolewa wakati mtu mwenye hadubini akipatikana, na karatasi yenye pwani, kina na tarehe. Isitolewe kwa kuwaua koni wengi, mmoja mmoja kutoka kwa wavuvi ambao tayari wameshawaleta nchi kavu inatosha kabisa kuanza, na ebraeus wa Kunduchi na wa Msambweni wawe wa kwanza kupimwa, maana ndo wengi na ndo tunaodhani tunawajua.